Siku Yao Ruolan Alipoacha Kupuliza

Nyie watu wa komenti, mna shida gani na migongo ya watu?

Nimezisoma zote. Mia tatu na kitu, chini ya ile video ya vijana wetu wa mji wa Wutang wakipiga muziki pale kwenye nyumba ya chai ya Mama Weng. Mmoja kaandika kaona visogo tu, arudishiwe muda wake. Mwingine kauliza kama wanamuziki wamenuniana na watazamaji. Halafu kuna yule aliyepata mioyo mia moja na tisa kwa kusema filimbi ni moto, fidla sawa, ila yule dada mwenye fungu la mianzi mdomoni anafanya nini pale, mbona hata hasikiki, mtoeni aje mtu wa maana.

Mkacheka. Mkapita zenu kwenda kutazama paka.

Sasa huku kwetu kuna mtu alizisoma hizo komenti akaziamini. Na yule dada ana jina. Anaitwa Yao Ruolan, ana miaka ishirini na sita, na nusura apokonywe kiti alichokikalia miaka minne kwa sababu nyie mlikuwa mnasubiri basi na hamna la kufanya.

Ruolan anafanya kazi kwenye karakana ya mifarishi ya hariri, yale mablanketi ya kujazwa, nyuma ya soko la samaki. Kazi yake ni kuvuta. Wanawake wanne wanasimama kwenye pembe nne za meza, wanashika kipande cha hariri kisichozidi kofia ya mtoto, kila mmoja na pembe yake, halafu wanarudi nyuma kwa pamoja. Kile kikofia kinafunguka, kinafunguka, mpaka kinafunika meza nzima, chembamba unaona vidole vya mwenzio upande wa pili. Wanakilaza, wanachukua kingine. Mfarishi mmoja wa baridi unakula tabaka mia na zaidi. Mmoja akijifanya ana nguvu, hariri inachanika upande wake. Mmoja akizubaa, inajikunja. Mama yake Ruolan anavuta pembe ya mkabala na yake, na tangu amwingize bintiye kwenye kazi hiyo akiwa na miaka kumi na minane, amemfundisha kwa neno moja tu. Hasemi vuta, hasemi legeza. Anasema, "Sikia."

Lile fungu la mianzi ni chombo kinachoitwa sheng; alikipata shuleni, na wala hakukichagua. Walimu walikuwa wanagawa vyombo, yeye akachelewa kwa sababu ilikuwa zamu yake kufuta ubao. Alipofika filimbi zimeisha, fidla zimeisha, gambusi limeshikwa na watu wawili wanaligombania. Kikabaki kitu kinachofanana na kifurushi cha mianzi kumi na saba iliyochomekwa kwenye bakuli, na bakuli lenyewe lina mdomo wa kupulizia. Hakuna aliyekitaka. Kilikuwa kinanuka mate ya mtu aliyemaliza shule zamani.

Mwalimu aliyekijua alimfundisha mwaka mmoja, akahamia mjini. Kuanzia hapo Ruolan alijifundisha mwenyewe, na kujifundisha mwenyewe maana yake ni kuharibu. Sheng haipendi baridi. Pumzi yako ya moto ikiingia mle ndani inageuka maji, maji yanakaa kwenye vilimi vya shaba vinavyotoa sauti, sauti inakwenda kombo. Kwa hiyo wakati wa baridi unaipasha moto kidogo kwanza. Kidogo. Ruolan aliiweka karibu na jiko la karakana akaenda kula. Aliporudi, nta inayoshika vilimi imeyeyuka, vilimi vinadondoka mezani kimoja kimoja kama meno ya babu. Alivibandika upya kwa siku kumi na moja, simu pembeni inamwonyesha kama sauti imepanda au imeshuka. Mama yake alimwambia katika siku hizo kumi na moja angekuwa ameshaposwa mara mbili. Leo watu wa miji mitatu wanamletea sheng zao azitengeneze, na hajawahi kuposwa, na hajawahi kulalamika.

Jambo moja la kujua kuhusu chombo chake, ndilo hili: sheng inalia ukipuliza, na inalia ukivuta pumzi. Ndani na nje, kotekote sauti ileile. Haina mahali pa kukatika.

Twende kwenye kikundi sasa. Wako sita, wa kwanza kwa umri ana miaka ishirini na tisa. Kiongozi ni Ni Chengyu, mpiga filimbi. Anafundisha watoto filimbi siku za kazi, ana nywele nzuri, na anajua ana nywele nzuri. Sitamsema vibaya: jamaa anapiga. Filimbi yetu ya huku kusini ni ndefu, ina sauti pana ya polepole, inataka kifua. Na watu wote husifia kifua cha Chengyu. Nyie wenyewe mliandika: huyu kaka anapumua saa ngapi? Pumzi gani hii? Alizipenda sana hizo.

Fidla ya nyuzi mbili anapiga Tao Bin, fundi wa pikipiki za umeme, mdomo wake haujawahi kuzimika. Mazoezi yanafanyika gereji kwake. Waliobaki ni binti wa gambusi, binti wa kinanda cha kugonga kwa vijiti, na jamaa wa kigoma, ambao hawana maneno mengi na hapa hawatusumbui.

Wanavyopiga ni hivi: wimbo ni mmoja, wote wanaujua, lakini kila mtu anauvalisha mwenyewe. Mwenzio akijaza, wewe unapunguza. Mwenzio akipunguza, wewe unajaza. Wawili wakijaza kwa pamoja, ni fujo. Wote wakipunguza, kuna shimo. Kwa hiyo wanakaa kuizunguka meza ya mraba, wakitazamana, chai katikati, na sisi wateja tunapata migongo. Hawatupigii sisi. Wanapigiana wao, sisi tumeruhusiwa kusikiliza kwa bei ya chai, yuan kumi na mbili, maji ya moto unaongezewa mpaka uchoke.

Baada ya zile komenti zenu, Chengyu hakulala vizuri wiki nzima. Jumatano akaja gereji na mpango kamili. Wataacha meza. Watakaa mstari mmoja wakiitazama kamera, na majoho ya rangi moja. Na rafiki yake waliyesoma naye chuo atakuja na selo, ile fidla kubwa ya Kizungu, kwa sababu selo ni kubwa, inaonekana, ina sauti ya chini inayotetemesha simu. Nafasi ni sita. Kwa hiyo sheng itapumzika.

Aliyasema yote hayo akiwa amesimama kati ya pikipiki mbili zilizofunguliwa matumbo, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuwa kesho kuna mvua. Akaongeza kwamba si Ruolan, ni chombo. Hakionekani, hakisikiki, watu wameshasema. Jumapili hii ndiyo ya mwisho.

Tao Bin akauliza hilo selo litaingiaje kwa Mama Weng, litavushwa kwa mlango au litapitishwa dirishani kama kabati la maharusi. Hakuna aliyecheka.

Mnielewe hapo. Filimbi unaweza kupiga peke yako kwenye ngazi za daraja, watu wakasimama. Fidla pia. Sheng peke yake, ile ya kwake ya kujaza, haina kwa kwenda. Ni kama mtu kupewa pembe moja ya hariri akaambiwa avute. Wutang ina kikundi kimoja tu. Akitoka pale, Ruolan anabaki fundi wa kutengeneza sheng za watu wengine wanaopiga Jumapili.

Hakulia. Hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja: "Kaka Chengyu, umeshawahi kusikia tukipiga bila mimi?"

Chengyu akafikiri. Akakiri hajawahi, maana Ruolan hajawahi kukosa hata siku moja.

"Basi Jumapili utasikia," Ruolan akasema. "Ule wimbo mrefu. Tukifika sehemu ya polepole nitaweka sheng chini. Usipoona tofauti, naenda nayo nyumbani na wala sitanuna. Hata majoho nitawasaidia kushona."

Chengyu alicheka, cheko la mtu aliyeshusha mzigo. Akasema hata akitaka aende kabisa chooni, wao wataendelea.

Nyumbani mama yake aliposikia hakupenda. Walikuwa wanakula tambi, mama akaweka vijiti juu ya bakuli, akamwambia usimvue mtu nguo mbele za watu, mji wenyewe mdogo, kesho utakutana naye kwenye foleni ya tofu.

"Simvui, mama," Ruolan akasema. "Namwachia avae mwenyewe."

Jumapili ilikuwa baridi ya kuingia kwenye meno. Kwa Mama Weng kumejaa kama kawaida ya baridi, watu wanakuja kufuata joto kuliko muziki. Mama Weng mwenyewe, mwenye nyumba ya chai, mwanamke mfupi anayepita katikati ya meza na birika la maji yanayochemka bila kumwunguza mtu, alikuwa anagawa maharage ya kijani yaliyokaushwa kwa moshi, ya kutia kwenye chai. Watu wanabangua mbegu za maboga. Watu wanaongea. Kwetu hatunyamazi muziki ukianza. Mpigaji akiwa mzuri unaongea vizuri zaidi.

Nilikaa meza iliyo nyuma ya Tao Bin, kwa hiyo uso wa Chengyu nilikuwa nauona, na wa Ruolan nauona kwa ubavu.

Walianza. Ule wimbo unaanza kama watu wanaoingia mmoja mmoja kwenye chumba, halafu unatulia, unakuwa wa polepole kabisa, filimbi inabeba sauti ndefu moja baada ya nyingine. Pale kwenye utulivu, Ruolan akashusha sheng, akaiweka mapajani, akatoa kitambaa akaanza kuifuta mdomo, taratibu, kama mtu ambaye zamu yake ya kazi imekwisha.

Sauti ya kwanza ya filimbi ikaenda vizuri. Chengyu hata alitabasamu kwa macho. Ya pili, nzuri. Ya tatu.

Halafu akavuta pumzi.

Ilikuwa nusu sekunde, pengine pungufu. Lakini katikati ya ule utulivu ilikuwa kama mtu mzuri anayecheka ukaona jino halipo. Wimbo ukakatika, ukaunganika. Sauti mbili tena, ukakatika. Akajaribu kubana, abebe sauti nyingi kwa pumzi moja, filimbi ikaanza kupepesuka mwishoni. Akaona aharakishe ili afike. Binti wa kinanda akamfuata kwenye haraka, jamaa wa kigoma akabaki nyuma. Tao Bin akasikia shimo akaruka kuliziba na fidla, na gambusi nalo likaruka palepale, wakagongana kama watu wawili wanaotoka mlango mmoja na ndoo za maji.

Ukumbi ukaanza kupungua maneno. Huku kwetu hiyo ni dalili mbaya.

Kwenye meza ya dirishani alikaa mama mmoja muuza samaki, na mbegu yake iko kati ya meno. Aliitoa, akamwuliza jirani yake, bila kujisumbua kushusha sauti, "Huyu kijana anaumwa kifua?"

Masikio ya Chengyu yakawa mekundu. Mtu mwenye filimbi mdomoni hawezi kusema kitu, kwa hiyo alimtazama tu Ruolan ng'ambo ya meza. Ruolan naye akamtazama. Hakutabasamu. Kusema ukweli angeweza kumwacha hivyo mpaka mwisho wa wimbo, na mimi ningemwacha, tena ningeagiza chai nyingine. Yeye alisubiri sauti mbili zaidi. Akamwona binti wa kinanda vijiti vimemsimama hewani, hajui tena amfuate nani. Akaweka kitambaa pembeni, akainua sheng.

Hakuingia kwa nguvu. Aliingia pale pumzi ya Chengyu ilipokatika, akashika ile sauti, akaikabidhi filimbi iliporudi, akajiondoa. Pumzi nyingine, akaingia, akatoka. Mara tatu, mara nne. Wimbo ukanyooka. Mabega ya Chengyu yakashuka. Watu wakarudi kwenye maneno yao, bei ya kaa, mkwe wa fulani. Nadhani wengi hawakujua kilichotokea. Muuza samaki alirudisha mbegu mdomoni, akaipasua.

Wakamaliza kwa ile mbio ya mwisho, wote sita, na ilikuwa mbio haswa.

Mapumziko, wengine wakaenda kujaza vikombe. Chengyu hakuinuka. Aligeuza filimbi mikononi, akaiangalia tundu moja moja, mwisho akauliza, "Wewe unapumua wapi?"

"Mimi sipumui," Ruolan akasema. "Nakungoja upumue wewe."

"Tangu lini?"

"Jumapili ya kwanza. Unapumua baada ya sauti ya tano. Ukichoka, ya tatu. Ukiwa umekula kwa shangazi yako kabla ya kuja, ya pili."

Tao Bin akapaliwa na chai. Akasema basi siri ya pumzi ya ajabu imejulikana, ni wali wa shangazi ndio unaiharibu. Chengyu alimwambia anyamaze, akamgeukia Ruolan. Akataka kujua kwa nini miaka minne hakumwambia, yeye anawafundisha watoto, anawaambia watoto watazame kifua chake.

"Ningekwambia ungeanza kuficha," Ruolan akasema. "Ukificha sijui pa kuingia. Nakuangalia mabega. Bega lako la kushoto linapanda kidogo kabla hujavuta. Tukikaa mstari mmoja sitaliona."

Hiyo ndiyo sababu ya migongo, ndugu zangu. Mlikuwa mnauliza.

Chengyu aliiweka filimbi mezani. Ana mambo yake, lakini si mjinga, na si mwongo. Alisema rafiki yake wa selo atamwalika aje kunywa chai tu. Alisema majoho yafutwe. Halafu akakohoa, akamwambia Ruolan, basi ukae.

"Kwani nimesimama?" Ruolan akasema, akamsukumia kikombe chake amjazie.

Na alijaza. Mkono wake mwenyewe, mbele ya ukumbi, Chengyu mwenye nywele nzuri alimmiminia chai fundi wa mifarishi, na Mama Weng alisimama na birika lake akitazama kama mtu aliyepokonywa kazi.

Nilimfuata Ruolan karakana Jumanne yake, nikitaka aseme alijisikiaje, nikitegemea angalau majivuno kidogo. Alikuwa anavuta. Akaniambia nisimame mbali, pumzi yangu inasogeza hariri. Nilipomwuliza kama aliogopa, alisema aliogopa kitu kimoja tu, kwamba pengine Chengyu angekuwa amejifunza kupumua kwa siri bila yeye kugundua. Angekuwa amejifunza, basi yeye Ruolan angeondoka kweli. Ahadi ni ahadi. Mama yake, kwenye pembe ya mkabala, akasema huyu mtoto hakusikia nilichomkataza. Alisema hivyo akiwa ameelekea pembeni ili asionekane anacheka.

Kilichotokea baada ya hapo Ruolan hakukipanga. Yule muuza samaki ana mdomo, na mdomo wake unasafiri na samaki. Vikundi viwili vya vijana wa miji ya jirani vimeshamtafuta, vyote vina filimbi nzuri, vyote vimegundua ghafla kwamba vina mashimo. Wanataka mtu wa sheng. Ruolan ana Jumapili moja kwa wiki na mdomo mmoja, na kiti chake kiko Wutang, hatoki. Sheng za kuwapa anazo mbili, alizifufua mwenyewe kwa nta. Watu wa kuzipuliza ndio hana.

Kwa hiyo acheni komenti. Kama wewe unayesoma ni mtu ambaye kwenye picha za shule ulisimama nyuma na hukujali, au una binti au mwana wa aina hiyo, nenda kwenye karakana ya mifarishi, nyuma ya soko la samaki, saa kumi na moja jioni wanapotoka kazini. Mwulizie Yao Ruolan, useme umefuata sheng. Usile vitunguu saumu kabla, chombo ni cha kuazima. Na tafadhali usinitumie mimi ujumbe wa kuuliza kama ni kigumu. Nenda, ukamwulize yeye.